Chakula cha Mtoto cha Shuleni na Macho ya Watu: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Kigoma

Mzazi wa Kigoma anayemfungashia mtoto chakula cha kwenda nacho shuleni hufanya kazi mbili kwa pamoja, ingawa aghalabu hutambua moja tu. Ya kwanza ni kumshibisha mtoto kuanzia mapumziko ya saa nne hadi atakaporudi nyumbani alasiri. Ya pili ni kuyajibu macho ya watu: ya watoto wanaokaa dawati moja na mwanawe, ya mwalimu anayepita wakati wa kula, ya bibi aliyekuja kutembea kutoka Kasulu, na ya wazazi wenzake wanaokutana langoni. Kazi ya kwanza ina kanuni zake na mtu yeyote anaweza kuzijua. Ya pili haina mwisho, kwa kuwa hata ukipanda kiasi gani, yupo aliyekuzidi. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba shinikizo la watu limalizwe kwa kuzungumza na watu wenyewe, na kontena la chakula libaki kuwa la mtoto.

Suala hili si la wenye watoto katika shule za kulipia peke yao. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la mzazi. Baadhi ya shule hupika uji au makande kwa michango ya mahindi na maharage, nyingine hazijaweza. Kwa hiyo mtoto wa Gungu, wa Ujiji na wa Mwandiga wote wanaweza kujikuta na kontena begani, na palipo na makontena arobaini yanayofunguliwa kwa wakati mmoja, ulinganisho haukwepeki.

Hatua ya kwanza: Jua shinikizo linatoka wapi

Mtoto akisema, "Mama, mimi sitaki tena kubeba dagaa," usikimbilie dukani kununua soseji, wala usianze kumhubiria kuhusu watoto wasio na chakula. Sentensi hiyo inaweza kuwa na maana nyingi. Huenda amechekwa kweli. Huenda mchuzi umevuja na kuchafua daftari la Hisabati, na mwalimu amemkaripia. Huenda mapumziko ni mafupi na dagaa wenye miba wanamchelewesha kwenda kucheza. Huenda pia amechoka tu kula kitu kilekile, jambo ambalo hata mtu mzima hulalamikia.

Namna ya kupata ukweli ni kuuliza kwa kuzunguka. Swali la "Nani amekucheka?" humfanya mtoto atafute mtu wa kumtaja. Muulize jioni, wakati mnaosha kontena pamoja: leo ulikaa na nani, yeye alikuwa na nini, mlianza kula kabla au baada ya kucheza, kengele iligonga ukiwa umefika wapi? Kisha litazame kontena lenyewe, kwa maana halijui kuficha. Chakula kilichoguswa upande mmoja na kuachwa kinaonyesha muda haukutosha. Kilichorudi kizima huku mtoto akiwa na njaa kali kinaonyesha kwamba hakufungua mfuniko mbele za wenzake, na hapo ndipo penye aibu. Kontena tupu lenye mtoto mwenye njaa lina maana nyingine tena: amegawa, amenyang'anywa au amebadilishana.

Mawese yanastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa katika mji huu ndiyo chanzo cha dhihaka nyingi. Ni mafuta mazuri. Rangi yake nyekundu hutokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Lakini yakipoa huanza kuganda, hasa asubuhi za Juni na Julai, yakashika kwenye kingo za kontena na kuacha utando wa rangi ya chungwa unaong'ang'ania plastiki hata baada ya kuosha kwa maji ya moto na sabuni. Harufu yake nayo hubaki kwenye mfuniko. Mtoto anayefungua kontena hilo darasani hana kosa, na aliyepika hana kosa. Chakula hicho kimepelekwa mahali kisipofaa tu. Migebuka ya mawese iliwe nyumbani ikiwa ya moto.

Baada ya mtoto, chunguza shinikizo la watu wazima, ambalo mara nyingi ndilo kubwa zaidi. Mama mmoja akituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp picha ya kontena lenye vyumba vinne, soseji zilizokatwa maua na zabibu, kabla ya jua kuchwa watu kadhaa watakuwa wamepanga kuvunja bajeti. Bibi naye ana lake: "Mjukuu wangu anabeba viazi kana kwamba anakwenda shamba?" Baba wa kizazi cha chai na andazi husema tofauti: mtoto anadekezwa, sisi tulisoma na njaa na hatukufa. Hata anayefungasha vizuri hasalimiki, maana huambiwa anajionyesha. Andika majina ya wanaokusema, hata kwenye karatasi ya kutupa baadaye, kisha ujiulize ni nani kati yao anayekula chakula hicho.

Hatua ya pili: Weka kiwango ambacho nyumba itakibeba hadi Desemba

Kila unachofikiria kufungasha kipime kwa maswali matatu: kitafika saa ya kula kikiwa salama? Mtoto atakimaliza kwa muda alionao? Nyumba inaweza kukitoa tena wiki ya tatu ya mwezi, mshahara ukiwa umekwisha au biashara ikiwa imelala? Kisichopita katika maswali hayo kimewekwa kwa ajili ya watazamaji.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Januari wazazi wengi huanza kwa kishindo, kwa soseji, juisi ya boksi na tufaha. Februari ikifika tufaha limetoweka, Machi soseji zimegeuka mkate mkavu, na baada ya Pasaka ni andazi moja kwenye gazeti. Mtoto huona mteremko huo, na wenzake huuona pia, wakamuuliza kama baba yake amefukuzwa kazi. Aibu ya namna hiyo humuuma mtoto kuliko kuanza na viazi vitamu na yai na kuendelea navyo mwaka mzima. Anza chini kidogo ya uwezo wako, ili siku ya sikukuu uwe na nafasi ya kupanda. Wazee walisema mtu hujikuna ajipatapo, na hapa usemi huo ni hesabu kamili ya bajeti.

Kama mnachangia matumizi na mwenzio, kiwango hicho kikubalini nyote wawili kabla shule hazijafunguliwa. Mabishano ya saa kumi na mbili asubuhi, huku gari la shule likipiga honi nje, hayajawahi kuzaa uamuzi wa maana.

Hatua ya tatu: Panga wiki kwa kulifuata soko la hapa

Orodha za vyakula vya watoto zinazosambaa mitandaoni zimeandikwa na watu wa masoko mengine. Soko la Kigoma lina mwenendo wake, na anayeujua hufungasha vizuri bila gharama kubwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo upatikanaji wake hufuata mwezi: siku za giza hujaa mwaloni Kibirizi, siku za mbalamwezi huadimika na bei hupanda. Mwaka 2024 upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, na nyumba zilizotegemea dagaa pekee zilijikuta zimebanwa. Nunua dagaa wakavu wakati wa giza, uhifadhi pakavu, na uwe na mbadala wa maharage, karanga au mayai.

Gawanya wiki kwa kanuni nyepesi: kila siku kiwepo kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga mwili, na tunda au mboga. Cha kushibisha kiwe viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, magimbi, chapati au mkate. Cha kujenga mwili kiwe yai, karanga, dagaa wakavu wa kukaanga au maharage yaliyopondwa yakawa mazito na kupakwa ndani ya chapati. Matunda yafuate msimu: embe, papai, parachichi, chungwa, na ndizi zinazoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe karibu mwaka mzima. Ugali wa muhogo uache nyumbani. Ukipoa huwa mgumu wa kumeguka, na mtoto akiuvuta mbele za watu hapatakosekana wa kucheka.

Dagaa wakavu wa kukaanga wanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wakitengenezwa vizuri huwa ndicho kitu kinachoombwa na watoto wengine. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Wa kuanikwa ardhini huwa na mchanga unaosagika menoni, na kwa mtoto huo ni mwisho wa hamu ya dagaa. Watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya moto kwa dakika chache, waoshe kwa maji mapya hadi yatoke meupe, kisha wakamue na kuwaacha wachuje kabisa. Wakaange kwa mafuta ya alizeti kidogo, moto wa wastani, ukigeuza hadi wasikike wakikwaruza sufuria. Tia chumvi na ndimu mwishoni, uwatandaze kwenye sahani wapoe bila kufunikwa. Ukiwafunika wakiwa na joto hutoa jasho, wakalainika na kurudisha harufu. Kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, humpa mtoto madini ya kalisi ambayo soseji haina kwa kiasi hicho.

Ukitaka kuvutia macho, fanya hivyo kwa mkono wako badala ya mfuko wako. Viazi vilivyokatwa vipande sawa, yai lililowekwa upande mmoja na embe upande mwingine huonekana vyema kuliko chakula cha gharama kilichorundikwa. Sioni ubaya wa mzazi kujali mwonekano. Mtoto naye ana macho.

Hatua ya nne: Hakikisha chakula kinafika salama

Katika hatua hii shinikizo la watu linaweza kumdhuru mtoto mwilini, kwa sababu vyakula vya kupendeza kama wali wa nazi, pilau ya nyama na soseji ndivyo vinavyoharibika upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kilichofungashwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana kimekaa saa saba, tena ndani ya begi lililoachwa juani.

Wali au nyama viende shuleni ndani ya hotpoti inayofunga vizuri tu. Mimina maji yanayochemka ndani yake, funga, subiri dakika kumi, mwaga, kisha weka chakula kikiwa kinatoka moshi na ujaze hadi karibu na mfuniko. Lengo ni kibaki juu ya nyuzi joto 60 hadi wakati wa kula. Hotpoti iliyojazwa nusu, au iliyowekewa chakula cha uvuguvugu, hutunza joto lile hasa ambalo vijidudu hulipenda. Ubwabwa wa jana uliolala jikoni usipelekwe hata ukipashwa, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na sumu wanayoitoa usiku haiondolewi na moto wa asubuhi.

Kama huna hotpoti, huna sababu ya kuinunua kwa mkopo. Fungasha vikavu: viazi, chapati, karanga, dagaa wakavu, na matunda yasiyomenywa. Yai lichemshwe asubuhi hiyohiyo hadi kiini kikauke, liende na ganda lake, na mtoto aelezwe kwamba huliwa saa nne, lisingoje mchana. Kontena lifungwe kwa kitambaa safi au liwekwe kwenye kikapu kidogo; mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Maji yawe yamechemshwa, na chupa ioshwe kila siku pamoja na kifuniko chake.

Hatua ya tano: Mpe mtoto maneno ya kusema

Mtoto anayechekwa hana haja ya hotuba, ila jibu moja fupi alilolizoea. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mchokozi. Ukisema, "Wewe kila siku viazi!" yeye ajibu, "Ndiyo, navipenda," kisha aendelee kula. Jibu lisilo na hasira humnyima mchokozi mchezo. Usimfundishe kujibu kwa kudharau cha mwenzake, kwa mfano kwamba chipsi ni sumu, maana huyo mwenzake naye alifungashiwa na mama aliyeamka alfajiri.

Kugawana kunahitaji utaratibu wake. Malezi yetu yanamtaka mtoto agawe, na mzazi huona aibu kumkataza. Hata hivyo, wapo watoto ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na wapo ambao nyumba zao zina vyakula wasivyokula. Kigoma Waislamu ni wengi, na soseji isiyojulikana nyama yake inaweza kuwakosesha amani wazazi wa pande zote mbili. Mfundishe mwanao kwamba tunda na viazi vinagawika bila maswali, lakini chenye nyama au karanga mtu huuliza kwanza. Kama mwanao ana mzio, mweleze mwalimu wa darasa mwenyewe, ana kwa ana. Usitegemee mtoto wa darasa la pili akumbuke.

Mwezi wa Ramadhani huja na shinikizo la aina yake. Mtoto wa miaka sita ambaye hajaanza kufunga huona haya kula mbele ya wenzake wanaojaribu, na wapo wanaorudi na chakula kizima wakidai wamefunga. Mweleze mapema kwamba umri wake haujafika, na umwombe mwalimu awape wasiofunga mahali pa kulia pasipo na mikogo wala maficho.

Hatua ya sita: Zungumza na wazazi wenzako

Kundi la wazazi likianza mashindano ya picha, usijibu kwa picha yako. Mtafute pembeni mzazi mmoja mnayeelewana, kisha mwingine, ndipo mlete neno kwa pamoja. Lugha iwe ya heshima na isimguse mtu: "Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naomba tusaidiane jambo. Watoto wameanza kulinganisha vyakula, na wengine wanarudi bila kula. Mnaonaje tukiacha kutuma picha za makontena hapa, na badala yake tupeane mawazo ya vyakula vya gharama nafuu?" Aliyetuma picha ya kwanza mpigie simu kabla hujaandika. "Mama Salma, shikamoo, ile picha ilikuwa nzuri kweli, ila nina wazo nataka unishauri," ni mwanzo unaomfanya awe upande wako. Ukimwibukia kundini utapata adui wa mwaka mzima.

Sherehe za kuzaliwa ndizo zinazoumiza zaidi, kwa kuwa keki moja huzaa keki thelathini. Pendekezeni kwamba wanaozaliwa mwezi mmoja washerehekewe siku moja, kila mzazi achangie anachoweza kwa mwalimu bila kutangazwa, na asiyechangia mwanawe asimame mbele pamoja na wenzake. Anayetaka sherehe kubwa aifanye nyumbani kwake. Siku za safari za mafunzo, kwenda makumbusho ya Ujiji kwa mfano, watoto hutazamana makontena kuliko wanavyotazama kilichowapeleka. Kubalianeni vitu vitatu vya kubeba, na soda iwe ya wote au isiwepo.

Kwa wakwe na wazazi wetu, mabishano hayafai. Bibi akilalamikia viazi, mshirikishe: mwombe aonyeshe alivyokuwa akivipika, au yeye ndiye amfungashie mjukuu siku mbili za wiki. Akishakuwa mpishi, lawama hupungua.

Hatua ya saba: Lipeleke suala kwenye mkutano wa shule

Yapo mambo ambayo mzazi mmoja hayawezi, na mahali pake ni kamati ya shule na mkutano wa wazazi. Nenda na maombi machache yanayotekelezeka. Kwanza, dakika za kula zitenganishwe na za kucheza, walau dakika kumi na tano watoto wakiwa wamekaa. Pili, pawepo kivuli na maji ya kunawa. Tatu, walimu wasisifu wala kukosoa chakula cha mtoto mbele ya darasa. Mwalimu mwenye wasiwasi amwite mzazi. Nne, kama shule haijaanza kupika, uundwe mpango wa uji wa wote wa saa nne, kwa sababu kikombe kinachofanana kwa kila mtoto huondoa ulinganisho kuliko kanuni yoyote.

Kwenye mpango wa uji, simamia vipengele viwili bila kulegea. Mchango uruhusiwe kutolewa kwa mahindi, maharage, kuni au siku ya kupika, ili mvuvi aliyekosa mapato wakati wa mbalamwezi naye ashiriki. Na majina ya ambao hawajachangia yasisomwe mbele ya wanafunzi wala kubandikwa ukutani. Yabaki kwa mhasibu wa kamati, naye awafuate wazazi majumbani. Daftari la mapokezi liwekwe wazi kwa magunia yaliyoingia na kutumika, kwani michango mingi hufa kwa kukosa hesabu kuliko kwa kukosa moyo.

Mkutano ukikataa mpango wa shule nzima, ombeni ruhusa ya kuanza na madarasa ya awali na la kwanza, ambako watoto ni wadogo na njaa ya saa nne huwapiga zaidi. Chagueni wazazi wawili wa kusimamia jiko, mpangiane zamu kwa muhula mmoja, na mlete hesabu hiyo kwenye mkutano unaofuata.